Je, Sarafu Ndogo Izikatae Mashine za ASIC?

Hotuba hii ilitolewa Nairobi mbele ya mkutano wa watengenezaji programu na wachimbaji wa sarafu za kidijitali. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mwenyekiti, wazee wetu, mabibi na mabwana, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma hadi mlangoni, hamjambo?

Nimepewa swali moja nami nitalishika hadi mwisho. Sarafu ndogo, sarafu changa isiyo na wachimbaji wengi, je, ipige vita mashine za ASIC? Jibu langu nalitoa mapema: isijifunge kiapo hicho. Kabla ya kuuliza ni mashine ya aina gani inayoichimba, iulize nguvu inayoweza kuichimba iko wapi. Iko ndani ya mtandao wake, au iko nje ikingoja kukodiwa? Nguvu iko wapi? Nitalirudia swali hilo hadi mnichoke, kwa sababu sarafu nyingi zilizoumia ziliumia kwa kutojiuliza.

Kwa wageni wetu, kuchimba ni kushindana kukokotoa hesabu, kila jaribio likiitwa hashi, ili upate haki ya kuongeza bloku, yaani ukurasa mpya wa miamala, kwenye mnyororo wa sarafu na kulipwa zawadi; nguvu ni wingi wa majaribio hayo kwa sekunde. ASIC ni chipu iliyotengenezwa kwa kazi moja tu. Ile ya Bitcoin hukokotoa hesabu iitwayo SHA-256 na haijui kingine chochote. SHA-256 haihitaji kumbukumbu ya maana: ni kujumlisha na kuzungusha biti kwa raundi 64, basi. Kazi nyepesi namna hiyo ukiichonga moja kwa moja kwenye silikoni, faida yake inatisha. Kadi nzuri ya grafiki ya mwaka 2012 haikufikisha gigahashi 1, yaani hashi bilioni 1, kwa sekunde. Antminer S9, ASIC iliyotoka 2016, hutoa kama gigahashi 13,500 ikila wati 1,350 hivi. Hapo hakuna mashindano. ASIC za kwanza za Bitcoin ziliwafikia wanunuzi mapema 2013, na baada ya muda mfupi aliyekuwa akichimba Bitcoin kwa kadi ya grafiki hakurudisha hata pesa ya stima.

Ndipo ikapata nguvu ile hoja mnayoijua. Mashine hizi zinatengenezwa na kampuni chache za ng'ambo, bei yake ni ya wenye mtaji, kwa hiyo kijana wa mitaani kwetu, Umoja au Githurai, mwenye kompyuta moja amefungiwa nje. Tutumie algoriti, yaani kanuni ya hesabu ya kuchimbia, inayokula kumbukumbu nyingi, ili kompyuta ya kawaida ipate nafasi. Ndugu zangu, hii ni hoja ya haki, na hoja ya haki haijibiwi kwa kubezwa. Inajibiwa kwa kuangalia kilichotokea pale ilipotekelezwa.

Basi tuangalie sarafu ya Bitcoin Gold. Ilijitenga na Bitcoin Oktoba 2017 kwa lengo lililotangazwa wazi: kuurudisha uchimbaji kwa mtu mwenye kadi ya grafiki. Ikachagua Equihash, algoriti ile ile ya sarafu nyingine iitwayo Zcash. Maana yake ni nini? Kadi iliyokuwa ikichimba Zcash asubuhi iliweza kuchimba Bitcoin Gold jioni, na mwenye kadi hakuhitaji kubadilisha chochote ila mistari michache ya mipangilio. Mei 2018 mshambuliaji alikusanya nguvu iliyozidi ya mtandao wenyewe, akazitumia sarafu zile zile mara mbili, na zaidi ya sarafu 388,000 zikapotelea kwenye masoko ya kubadilishia sarafu. Kwa bei ya siku zile, ni kama dola milioni 18.

Lawama ziliangukia ASIC. Julai mwaka huo huo wakabadilisha vigezo vya Equihash kutoka 200,9 hadi 144,5 ili mashine maalumu zisiweze kazi. Na kweli hazikuweza. Januari 2020 Bitcoin Gold ikashambuliwa tena, mara mbili kwa siku chache, bloku zaidi ya 10 zikifutwa kila mara, hasara ikipita dola 70,000. Safari hiyo hapakuwa na ASIC iliyojulikana ya kulaumiwa. Mlango waliokuwa wakiulinda ulikuwa umefungwa vizuri, na mwizi akaingia. Aliingilia wapi?

Mlango uliobaki wazi ulikuwa wa kukodi. Yako masoko ya wazi ya kukodisha nguvu ya uchimbaji, na NiceHash, iliyoanza 2014, ndiyo inayojulikana zaidi. Mwenye kadi anaiwasha, anaiuza kwa saa, na mnunuzi ndiye anayeamua inachimba nini. Sarafu inayolindwa na kadi za grafiki peke yake ni kama ploti inayolindwa na soja wa kukodi kwa saa: atakayelipa zaidi usiku huo ndiye atakayefunguliwa geti.

Naomba tulitazame shambulio lenyewe hatua kwa hatua, maana wengi hulisikia kama uchawi. Tuseme sarafu ina bloku moja kila dakika, na soko la kubadilishia sarafu linangoja bloku 6 ndipo limwamini mteja. Mshambuliaji anakodi nguvu mara moja na nusu ya ile ya mtandao mzima. Anatuma sarafu zake sokoni. Dakika hiyo hiyo, kwenye nodi, yaani kompyuta inayohakiki na kutunza mnyororo, aliyoitenga na nyingine, anaanza kuchimba mnyororo wa siri kuanzia bloku iliyotangulia malipo yale, na humo ndani sarafu zile zile anajitumia mwenyewe. Dakika 6 zinapita. Soko linahesabu bloku 6, linamruhusu abadilishe na kutoa Bitcoin zake. Kwa muda huo yeye ana bloku kama 9. Anaufungua mnyororo wake hadharani, nodi zote zinaufuata kwa sababu una kazi nyingi zaidi, na malipo ya soko yanatoweka kana kwamba hayakuwahi kufanyika. Zawadi za bloku zile 9 nazo ni zake zikishakomaa, kwa hiyo sehemu nzuri ya kodi aliyolipa inamrudia.

Nani amekosea hapo? Nodi hazijakosea. Programu haina hitilafu. Kanuni imefuatwa neno kwa neno. Kilichopungua ni jibu la swali letu: nguvu iko wapi?

Mtaniambia soko lingengoja bloku nyingi zaidi. Sawa, lakini jueni kungoja kunasaidia lini. Hesabu iliyo kwenye waraka wa kwanza wa Bitcoin inaonyesha kwamba mshambuliaji mwenye asilimia 10 ya nguvu, baada ya bloku 6, ana nafasi isiyofika 3 katika 10,000. Akiwa na asilimia 30, mnahitaji bloku 24 ili nafasi yake ishuke chini ya 1 katika 1,000. Akishapita nusu, idadi yoyote ile atafika. Mnachofanya kwa kungoja ni kumwongezea gharama ya kodi tu. Ni kinga inayofaa, na nitairudia, lakini ni kinga ya bei.

Sarafu ya Vertcoin ndiyo inayonihuzunisha kuliko zote, kwa sababu walikuwa watu wa imani. Ilizaliwa Januari 2014, na kuzikataa ASIC ndiyo ilikuwa roho yake. Walibadilisha algoriti tena na tena. Walianza na Scrypt-N, wakaenda Lyra2RE, kisha Lyra2REv2. Kufikia Desemba 2018 mnyororo wao ulikuwa umepangwa upya, yaani bloku zilizokwisha kukubaliwa kufutwa na nyingine kuchukua nafasi, mara 22, na katika mara 15 kati ya hizo kulikuwa na sarafu zilizotumiwa mara mbili, hasara ya kama dola 100,000. Februari 2019 wakahamia Lyra2REv3. Desemba mwaka huo, bloku 603 zikafutwa na nafasi yake kuchukuliwa na bloku 553 za mshambuliaji. Hesabu hiyo isiwachanganye. Nodi haihesabu idadi ya bloku, inahesabu kazi iliyomo, na zile 553 zilichimbwa kwa ugumu mkubwa zaidi, yaani kila moja ilidai majaribio mengi zaidi. Januari 2021 wakahama tena, kwenda Verthash. Algoriti tano katika miaka saba! Kila uhamisho ulihitaji masoko, vikundi vya wachimbaji wanaounganisha nguvu zao, na pochi kuboresha programu kwa wakati mmoja, na kila uhamisho ulipunguza wale waliobaki na subira.

Sasa mlinganisheni mkodishaji yule na mtu mwenye ASIC. ASIC haijui kazi nyingine. Mwenyewe akiivunja sarafu inayomlisha, anabaki na chuma cha kuuza kwa kilo. Mwenye kadi ya grafiki kesho anachimba kitu kingine, anachezea gemu, au anaipeleka Luthuli Avenue kuiuza. Na hali ya kadi imekuwa mbaya zaidi tangu tarehe 15 Septemba 2022, siku Ethereum ilipoacha uchimbaji. Mtandao uliokuwa ukizipa kadi nyingi zaidi duniani kazi ulizimika kwa siku moja, na kadi nyingi zikabaki zikitafuta pa kwenda.

Lakini sikilizeni vizuri, asije mtu akasema nimekuja kuzipigia debe ASIC. Sarafu ndogo inayotumia SHA-256 kando ya Bitcoin, bila kuunganishwa nayo, ina ugonjwa ule ule, tena mkali zaidi. Kipande kidogo tu cha nguvu ya Bitcoin kinatosha kuimeza. Bitcoin SV iliyaonja hayo Agosti 2021, mnyororo wake ukipangwa upya kwa mashambulio ya kufuatana. Kwa hiyo aina ya mashine haitoshi kutupa jibu. Nguvu iko wapi, ndugu zangu?

Nije kwa sarafu ya Monero, kwa sababu kila ninapozungumzia jambo hili mtu husimama na kusema: mbona Monero wameweza? Wanastahili heshima hiyo, na hadithi yao inafaa kusimuliwa yote.

Monero ilianza Aprili 2014 na CryptoNight, algoriti inayotaka megabaiti 2 za kumbukumbu kwa kila hashi. Machi 2018 Bitmain, kampuni ya kutengeneza ASIC, wakatangaza Antminer X3, mashine ya CryptoNight. Tarehe 6 Aprili Monero wakabadilisha algoriti, na papo hapo zaidi ya nusu ya nguvu ya mtandao ikatoweka. Tafakarini maana yake. Mashine zilikuwa zimekwisha kuwemo, zinachimba kimyakimya kabla hazijatangazwa kuuzwa. Hii ndiyo hatari ambayo watetezi wa kuzikataa ASIC huipita haraka: usipozuia kabisa, unazificha tu. ASIC inayouzwa wazi anaweza kuinunua yeyote mwenye pesa. ASIC ya siri iko kwa mtu mmoja, na hakuna anayejua ana asilimia ngapi. Wakabadilisha tena Oktoba 2018, na tena Machi 2019, na mara hiyo ya Machi nguvu ikaporomoka kwa kiasi kikubwa tena. Miezi michache ilikuwa imetosha mtu kutengeneza chipu mpya.

Tarehe 30 Novemba 2019 wakaacha mchezo huo na kuingia algoriti ya RandomX. Hii ni kazi ya uhandisi ya hali ya juu, na nawaomba vijana muisome. Badala ya kumpa mchimbaji hesabu moja inayojirudia, inampa programu zinazoundwa papo hapo bila mpangilio unaotabirika: programu 8 kwa kila hashi, kila moja ina maagizo 256 na inaendeshwa mara 2,048, ikiwa na hesabu za desimali na njia panda za maamuzi kama programu yoyote ya kawaida. Inasoma data ya megabaiti 2,080 iliyo kwenye RAM. Anayetaka kutengeneza chipu ya kuifanya vizuri anajikuta ametengeneza prosesa. Antminer X5 ilipotoka 2023 ilithibitisha hilo. Inatoa hashi 212,000 kwa sekunde kwa wati 1,350, yaani hashi 157 kwa wati. Prosesa ya Ryzen 9 3950X iliyowekwa sawasawa hufika karibu hashi 100 kwa wati. Tofauti ni mara moja na nusu tu. Kwenye SHA-256 tofauti ni ya maelfu.

Kwa hiyo kiufundi, ndiyo, kuzizuia ASIC kunawezekana. Lakini hesabuni gharama yake. Monero waliipeleka RandomX kwa wakaguzi wanne tofauti kabla ya kuitumia. Sarafu ndogo yenye watengenezaji watatu wa kujitolea itawalipa wakaguzi kwa nini? Na hata kuhakiki bloku tu, bila kuchimba, kunataka megabaiti 256 za RAM. Kwenye simu ya bei nafuu yenye gigabaiti 2, pochi inayohakiki yenyewe huenda ikazimwa na simu kabla haijamaliza.

Na haki ile iliyoahidiwa, je, imefika Umoja? Tuchukue moja ya kompyuta zilizotumika, za ex-UK, zinazouzwa hapa mjini, tuseme yenye prosesa ya Core i5-6500. Ina viini 4, lakini kache yake ya L3, kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa, ni megabaiti 6, na kila uzi wa RandomX, yaani kila kazi inayoendeshwa sambamba, unataka megabaiti 2. Kwa hiyo unaendesha nyuzi 3. Ukilazimisha 4 zinanyang'anyana kache na jumla inashuka. Lazima RAM iwe vipande viwili, maana kipande kimoja kinabana njia ya data. Kwenye Linux utenge kurasa kubwa za kumbukumbu, vm.nr_hugepages iwe 1280, bila hivyo unapoteza sehemu kubwa ya kasi. Ukifanya yote hayo vizuri unapata kama hashi 2,000 kwa sekunde kwa wati 80 hivi. Tukichukua stima shilingi 25 kwa uniti, ni uniti 1.92 kwa siku, shilingi 48. Ili ufikishe hashi za X5 moja unahitaji kompyuta 106, zitakazokula stima ya zaidi ya shilingi 5,000 kwa siku, na ile X5 inakula ya 810. Na hata huyo mwenye X5 hapa Nairobi anashindana na mchimbaji wa Ethiopia anayelipia stima sehemu ndogo tu ya bei yetu, na anashindana na mwizi aliyeteka kompyuta za watu kwa virusi asiyelipa hata senti. Algoriti inaweza kusawazisha mashine. Bili ya stima haiwezi kuisawazisha.

Halafu ikaja 2025. Mradi unaoitwa Qubic uliwalipa wenye prosesa za kawaida zaidi ya walichokuwa wakipata kwa kuchimba Monero moja kwa moja, nao wakahamia huko kwa wingi. Agosti ukadai umeshika zaidi ya nusu ya nguvu ya Monero. Dai hilo lilipingwa, lakini lisilopingika ni kwamba tarehe 12 Agosti bloku 6 zilipangwa upya, na katikati ya Septemba zikapangwa upya 18. Kumbukeni kwamba Monero huzifungia sarafu zilizopokelewa kwa bloku 10 kabla hazijatumika tena. Kumi na nane zimepita hapo. Hakuna ASIC hata moja iliyohitajika. Zilitosha prosesa kama zilizo ndani ya kompyuta zenu na ahadi ya malipo mazuri zaidi. Kama hilo limeikuta Monero, iliyo kubwa kuliko nyingine zote za RandomX, sarafu ndogo inayoazima RandomX leo itajilinda na nini?

Tufanyeje basi? Sikuja kuwakatisha tamaa. Njia ninayoiamini kwa sarafu ndogo ni uchimbaji wa pamoja na mnyororo mkubwa unaotumia ASIC, na mfano wake mzuri ni Dogecoin.

Mwaka 2014 Dogecoin ilikuwa inaelekea pabaya. Zawadi yake ya bloku ilipungua kwa nusu kila bloku 100,000, na kwa bloku ya dakika moja hiyo ni kama siku 69 tu. Kila ilipopungua, wachimbaji wa scrypt, algoriti inayotumiwa na Dogecoin na pia sarafu ya Litecoin, walihamia Litecoin. Aprili mwaka huo Charlie Lee, mwanzilishi wa Litecoin, akawapendekezea uchimbaji wa pamoja. Walibishana miezi kadhaa, wengine wakiona ni kusalimu amri. Septemba 2014, kwenye bloku 371,337, wakauwasha. Mashine inayochimba Litecoin ikawa inachimba Dogecoin kwa stima ile ile, bila kuchagua. Kuanzia hapo anayetaka kuishambulia Dogecoin lazima ashindane na jeshi zima la ASIC za scrypt. Nguvu iko wapi? Iko ndani.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mchimbaji anachukua hashi ya bloku ya sarafu ndogo na kuiweka ndani ya muamala wa kwanza wa bloku ya sarafu kubwa, ule wa kujilipa zawadi. Anachimba kama kawaida. Akipata hashi inayotosha ugumu wa sarafu ndogo, anaipelekea sarafu ndogo kichwa cha bloku kubwa, muamala ule, na matawi ya kuthibitisha kwamba umo ndani. Mnyororo mkubwa hauhitaji kukubali wala kujua chochote.

Yanayoharibika ni haya, na yaandikeni. Kila sarafu lazima iwe na namba yake ya mnyororo. Sarafu ya Namecoin ni 1, Dogecoin ni 98. Ukinakili msimbo wa mwenzako na kusahau kubadilisha namba, sarafu zenu mbili zinagombea nafasi moja na mchimbaji hawezi kuziweka zote. Pia vichwa vya bloku vinanenepa. Kichwa cha kawaida ni baiti 80, na kwa bloku ya dakika moja hiyo ni kama megabaiti 42 kwa mwaka. Ukiongeza ushahidi wa mnyororo mkubwa, kichwa kimoja hufika mamia ya baiti. Chukueni 700, mwaka mmoja ni megabaiti karibu 370. Mteja wenu ananunua bando la siku. Mpeni pochi inayoanzia kwenye bloku ya karibuni iliyokwisha kuthibitishwa, isipakue historia yote.

Kuna hatari kubwa kuliko hizo, na siwafichi. Januari 2012 palikuwa na sarafu changa iitwayo CoiledCoin, iliyochimbwa pamoja na Bitcoin. Mwendeshaji wa kikundi kimoja cha Bitcoin aliielekezea nguvu ya kikundi chake na kuizima, na wanachama wake hawakupoteza chochote cha Bitcoin. Uchimbaji wa pamoja ukiungwa mkono na kikundi kimoja peke yake umempa mtu mmoja funguo zote. Kwa hiyo msiuwashe mpaka vikundi visivyopungua vitatu vikubwa viwe vimekubali na kujaribu kwenye mtandao wa majaribio. Wekeni tarehe ya kuwasha kwa namba ya bloku, miezi mitatu mbele. Hadi hapo, na kwa miezi ya mwanzo baada yake, wauzaji wangoje bloku nyingi.

Kwa wasioweza kupata vikundi, kuna njia ya sarafu ya Dash. Tangu 2019 nodi zilizoweka dhamana ya sarafu 1,000 hutia saini bloku ya kwanza zilizoiona, na ikishatiwa saini haipangwi upya hata mtu aje na nguvu kiasi gani. Inafanya kazi, na Dash inachimbwa kwa ASIC bila hofu. Lakini inawataka wenye dhamana wa kweli, walio wengi, wasiojuana. Kwenye sarafu changa watakuwa watu sita wa kikundi kimoja cha WhatsApp, na hapo mmeunda benki.

Niligusie jambo la ugumu kwa haraka, maana limewaangusha wengi wakiwa wanaangalia ASIC. Msinakili kanuni ya Bitcoin ya kurekebisha ugumu kila bloku 2,016. Nguvu kubwa ikija na kuondoka, na ugumu ukabaki juu mara kumi, bloku zenu za dakika 2 na nusu zinakuwa za dakika 25, na siku tatu na nusu za kipindi zinakuwa 35. Tumieni kanuni inayorekebisha kila bloku, kama ASERT ambayo Bitcoin Cash waliichukua Novemba 2020. Na mkirekebisha kila bloku, baneni mihuri ya saa ya bloku. Sarafu ya Verge ilikuwa na algoriti tano ikidhani wingi ni kinga. Aprili 2018 mshambuliaji alidanganya mihuri ya saa, kwa sababu nodi zilikubali saa iliyotofautiana hadi saa 2 kwenye mnyororo wa bloku za sekunde 30. Ugumu wa scrypt ukaporomoka, akachimba atakavyo kwa algoriti moja tu kati ya tano. Kwa bloku ya dakika moja, muhuri usitangulie saa halisi kwa zaidi ya dakika chache.

Mwisho, wapo hapa ambao sarafu yao tayari inachimbwa kwa kadi za grafiki, na nimeletewa karatasi inayouliza wafanye nini Jumatatu. Msibadilishe algoriti kwa hofu. Kila asubuhi pimeni vitu viwili: nguvu ya mtandao wenu, na nguvu ya algoriti yenu inayopatikana kwa kodi siku hiyo kwenye masoko ya wazi. Ikiwa inayokodishwa ni chini ya theluthi moja ya yenu, endeleeni huku mkijiandaa. Ikikaribia nusu, waambieni masoko yaongeze idadi ya bloku za kungoja, nanyi chukueni thamani ya amana kubwa zaidi, yaani sarafu ambazo mteja huziweka sokoni, mnayoruhusu na hakikisheni kodi ya kuupindua mnyororo kwa muda huo inaizidi, baada ya kutoa zawadi za bloku ambazo mshambuliaji atajichukulia. Ikipita nguvu yenu yote, fungeni amana kubwa siku hiyo hiyo. Wekeni nodi tatu sehemu tofauti, kila moja itume ujumbe kwa simu zenu inapoona mnyororo umepangwa upya kwa zaidi ya bloku 3, na anayepokea ujumbe huo awe na namba ya mtu wa zamu katika kila soko, mchana na usiku. Wiki hiyo hiyo waandikieni waendeshaji wa vikundi vya scrypt au SHA-256 kuwauliza masharti yao ya uchimbaji wa pamoja.

Asanteni sana.